Nani Abebe Mawe: Kujitolea na Uongozi Wake katika Mwambao wa Nyasa

Mwenyekiti wa kijiji hana mshahara. Mtendaji wa kijiji anao, mwalimu anao, mganga wa zahanati anao. Lakini yule anayegongewa mlango usiku aamue ugomvi wa mpaka wa shamba, yule anayemwandikia barua ya utambulisho kila kijana anayekwenda mjini, ni mtu aliyechaguliwa na wenzake na anayeishi kwa jembe na nyavu zake mwenyewe. Halmashauri ya kijiji anayoiongoza, ambayo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ina wajumbe kati ya 15 na 25, nayo ni hivyo hivyo. Ongeza kamati ya shule, kamati ya zahanati, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi ambacho kila mtu ufukweni anakiita BMU, wahudumu wa afya wa jamii, wazee wa kanisa, akina mama wa Umoja wa Mama, watunza hazina wa vikoba na wa vyama vya kuzikana. Katika kata kama Chiwanda, kusini mwa Mbamba Bay kuelekea mpaka wa Msumbiji, ukiwaondoa watu hawa kijiji kinabaki nyumba na ziwa tu.

Kwa hiyo lawama inayosikika katika vikao vya wilaya na ofisi za mashirika, kwamba wananchi siku hizi hawapendi kujitolea, haisimami. Wanajitolea kila siku, ila wanachagua. Msiba ukitokea, kaburi linachimbwa kabla jua halijawa kali, na hakuna anayeitwa mara mbili. Kamati ya mradi iliyoundwa na shirika kutoka mjini, yenye katiba iliyopigwa chapa na mhuri juu yake, mara nyingi haimalizi mwaka baada ya gari la mradi kuacha kuja. Watu ni wale wale, ufuko ni ule ule. Tofauti iko kwa anayewaita na namna anavyowaita.

Serikali yenyewe imejifunza jambo hili kwa shida. Mwaka 1962, Rashidi Kawawa, mwana wa Songea, akiwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, chama tawala, TANU, kilihamasisha nchi nzima kujenga taifa kwa mikono: barabara, shule, zahanati, visima. Watu waliitika kwa shangwe. Tatizo lilikuja baada ya ujenzi. Kulikuwa na shule zilizosimama bila walimu na zahanati bila dawa, maana hazina ya nchi changa haikuweza kwenda na kasi ya wananchi. Miaka 40 baadaye kisa hicho kilirudi kwa jina la maboma. Mpango wa sekondari wa mwaka 2004 ulipotaka kila kata iwe na shule yake, vijiji vilikusanya mchanga na mawe, vikafyatua na kuchoma matofali, vikapandisha kuta hadi kwenye lenta, kisha vikaambiwa visubiri halmashauri ya wilaya ilete bati. Mahali bati lilipofika, watu waliendelea na jengo la pili. Mahali ambapo mvua zilinyeshea kuta tupu msimu baada ya msimu, aliyebeba mawe hakusahau, na mwito uliofuata aliusikiliza akiwa amekaa.

Ipo mifano mingi ya namna ya kuwachosha watu. Ya kuwashikilia kwa miaka, bila mshahara, ni michache, na mmoja uliozungumzwa sana duniani ulitokea katika mkoa huu huu wa Ruvuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikundi cha vijana wa TANU kilianzisha kijiji cha Litowa, Songea. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Mwaka 1963 wakaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho wengi wanakijua kwa herufi tatu za Kiingereza, RDA, na kufikia mwaka 1969 kilikuwa na vijiji vipatavyo 17. Walilima pamoja, wakaanzisha shule yao, wakawa na mashine ya kusaga mahindi na kiwanda cha kupasua mbao. Mshauri wao, Mwingereza Ralph Ibbott, alikaa nao kama mshauri kweli, bila cheo cha kuamuru. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya ujamaa vijijini mwaka 1967, Litowa ilikuwa mojawapo ya mahali alipokwisha kuona jambo hilo likitendeka.

Kilichowaweka pamoja watu wale hakikuwa hotuba. Mkutano wa kijiji ndio uliopanga kazi ya kesho, na mkutano huo huo ndio uliogawa mavuno. Aliyelima alijua mahindi yalikokwenda. Hakukuwa na ngazi ya watu wanaoamua na ngazi nyingine ya watu wanaobeba. Na hapo hapo ndipo palipozuka uhasama, kwa sababu kijiji kinachojiamulia kazi yake kitakataa pia baadhi ya maagizo ya mkubwa wa mkoa. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Mashine na kiwanda vilibebeka. Ari ya watu haikubebeka, ingawa kijiji cha Matetereka kilijitahidi kuendelea na mtindo ule kwa miaka mingi baadaye.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ambapo kuhama kulikuwa kwa amri na kazi za maendeleo zilikuwa na mgambo na faini. Sheria ndogo za namna hiyo hazijaisha; katika vijiji vingi asiyefika kwenye kazi ya Jumamosi hutozwa. Sisemi faini haifai kabisa. Mahali ambapo mkutano mkuu wa kijiji umejiwekea faini wenyewe, inamlinda anayefika dhidi ya mvivu anayengoja kunufaika. Ila faini iliyoshushwa kutoka juu hugeuza kujitolea kuwa kodi, na kodi watu huikwepa kwa akili zote walizopewa na Mungu.

Mtu anayetaka kujua Wanyasa wanavyojipanga kwa hiari asiende kwenye kamati. Aende kwenye mganda. Ngoma hii ni mjukuu wa beni, ile ngoma ya pwani ya Kenya ya miaka ya 1890 ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975. Askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza waliisambaza barani, na ilipofika mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wetu na upande wa Malawi, ikawa mganda na malipenga: mistari ya wanaume walionyooka kwa mavazi safi, ngoma kubwa, na mirija ya vibuyu inayolia kama tarumbeta. Akina mama wana kioda yao. Baada ya mavuno, kijiji hukialika kijiji kingine, na wageni hulala, hula na kushindana.

Tazama kazi inayofanyika hapo bila senti ya mfadhili. Lazima kuwe na mtu wa kupanga safari, wa kupika kwa ajili ya wageni wengi, wa kutunza ngoma, wa kufundisha wachanga, wa kusuluhisha vijana wakigombana. Kila mmoja ana cheo, na vyeo vimeigwa jeshini. Mzungu aliyeziona ngoma hizi zamani aliweza kucheka cheo cha kapteni kwa mvuvi asiye na bunduki, lakini kapteni yule anajua kazi yake ni ipi, wengine wanajua kuwa ni yake, na akiifanya vizuri anaonekana na vijiji viwili. Kazi ina mwanzo na mwisho: msimu ukiisha, kila mtu anarudi kwenye mtumbwi wake. Na kuna malipo, ingawa si ya fedha. Waliokula kwetu mwaka huu watatulisha mwakani. Mwanachama mpya hasajiliwi kwa semina. Anasimama pembeni akiwa mtoto, anaiga, siku moja anaitwa kwenye mstari.

Sijaona mwongozo wa mashirika wa kusimamia watu wa kujitolea unaoeleza mambo haya vizuri kuliko kikundi kimoja cha mganda kinavyoyatenda. Kamati nyingi za miradi hukosa karibu yote: wajumbe 12 wenye jina moja la jumla, kazi isiyo na siku ya kwisha, na hakuna anayewatazama isipokuwa mkaguzi anayekuja kuhesabu fomu.

Juu milimani, Wamatengo wa Mbinga walikuwa na sengu, mahali ambapo wanaume wa ukoo walikula pamoja, wakajadili na kutoa uamuzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wakishirikiana na Wajapani wa JICA, walipofanya kazi Mbinga mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, hawakuanza kwa kuunda kamati mpya. Waliiendea sengu. Kijiji cha Kindimba kikajenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, na kamati iliyosimamia ujenzi ikachukua jina la sengu. Lakini tusiipambe mno: sengu ya kale ilikuwa ya wanaume. Kila taasisi ya jadi inapoazimwa, aliyeachwa nje ya taasisi hiyo zamani ataachwa nje tena, mpaka mtu aliseme jambo hilo waziwazi.

Sasa twende kwenye posho, maana ndilo neno linalomaliza urafiki.

Mashirika hulalamika kuwa posho imeharibu watu. Mwanakijiji, wanasema, haji mkutanoni bila kuuliza nauli na soda. Ni kweli kwa sehemu, lakini nani alianza? Ofisa aliyekuja kuhamasisha kujitolea alilipwa fedha za kujikimu kwa kila usiku aliolala Mbamba Bay, na dereva wake pia. Aliyeacha shamba lake siku nzima kumsikiliza aliambiwa kuwa maendeleo ni yake mwenyewe. Watu wana macho. Isitoshe, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu imepokea vijana wa kujitolea kutoka Marekani na Uingereza, wakiwemo wale wa Peace Corps. Hao hupewa nyumba, matibabu na fedha za kuishi kila mwezi, na hakuna aliyewahi kusema kuwa kwa sababu hiyo si watu wa kujitolea. Ni mtu wetu tu ndiye anayetakiwa kujitolea akiwa na njaa.

Hata hivyo fedha ina tabia zake, na anayeongoza watu anapaswa kuzijua. Mwaka 2000 wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Israeli kwa wanafunzi wa sekondari waliopita nyumba hadi nyumba wakichangisha fedha za hisani. Kundi moja halikulipwa chochote, la pili liliahidiwa asilimia 1 ya makusanyo, la tatu asilimia 10. Waliokusanya zaidi ni wale wasiolipwa. Wa asilimia 10 waliwafuata, na wa asilimia 1 wakawa wa mwisho. Malipo madogo yalikuwa mabaya kuliko kutolipa, kwa kuwa yaliitoa kazi kwenye heshima na kuipeleka sokoni, na sokoni ikaonekana ni ya bei ya chini. Kule kwetu Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulipoanza kulipa ujira wa siku kwa kazi za muda za kaya maskini, barabara ya kijiji iliyokuwa ikifyekwa bure ikapata bei. Mpango ule ulikuwa wa lazima kwa kaya zenye njaa, sina ugomvi nao. Lakini mwenyekiti aliyeitisha msaragambo wiki iliyofuata kwenye barabara hiyo hiyo alikuwa na kazi ngumu.

Njia iliyo wazi ni kutenganisha vitu viwili ambavyo fomu za malipo huvichanganya. Kumrudishia mtu alichotoa mfukoni, yaani nauli ya bodaboda, vocha, chakula cha mchana, si mshahara; ni kutomfanya maskini aifadhili taasisi. Hilo litolewe kwa kila mtu, kwa kiwango kimoja kinachojulikana, bila kuombwa. Kununua muda wa mtu ni jambo jingine, na likifanyika lifanyike kwa bei ya haki na kwa jina lake halisi, kibarua au ajira. Shilingi elfu mbili zinazotolewa kwa kificho baada ya kikao, kwa baadhi ya watu, zikiwa si nauli wala si ujira, hizo ndizo zinazozaa chuki.

Kuna kazi ambazo hazifai kabisa kuachwa kwa hiari, na sekta ya afya imechukua muda mrefu kulikubali hilo. Baada ya Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, Tanzania ilitegemea wahudumu wa afya vijijini ambao kijiji kilitakiwa kuwatunza. Vijiji vingi havikuweza, na wahudumu wengi waliacha. Waliofuata walikaa kwa kutegemea mradi mmoja hadi mwingine: leo wa malaria, kesho wa Ukimwi, keshokutwa wa lishe, kila mmoja na fulana yake. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka wahudumu hawa walipwe kulingana na kazi na muda wao. Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kuwafikia wahudumu 137,294 katika miaka mitano, kwa mafunzo rasmi na posho. Maji yamekwenda njia hiyo hiyo. Kamati za maji za kijiji, ambazo pampu ikiharibika zilianza kutafuta fundi na fedha kwa pamoja, zimepisha vyombo vya watumia maji chini ya sheria ya mwaka 2019 iliyoanzisha wakala wa maji vijijini, RUWASA, vyenye kuajiri fundi na mhasibu. Naona ni sahihi. Kazi ya kila siku, yenye ujuzi na yenye maisha ya watu ndani yake, inahitaji mtu anayeweza kubanwa, na huwezi kumbana usiyemlipa.

Upande wa pili wa jambo hili ni mchungu zaidi: vijana wanaofanya kazi ya kudumu bila malipo kwa matumaini ya kuajiriwa. Mwalimu wa kujitolea amekuwa nguzo ya shule nyingi za vijijini. Ana shahada au stashahada, anafundisha sayansi na hisabati, wazazi wanamchangia kidogo wanapoweza, naye anangoja tangazo la ajira. Hapo hatujitolei tena, tuko kwenye foleni. Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, nalo huchukua vijana kwa mujibu wa sheria na wengine kwa kujitolea, na wengi wa hawa wa pili huingia wakilenga jeshi au polisi. Mei 2021 ilitangazwa kuwa vijana 854 wamesitishiwa mikataba baada ya kugoma wakidai ajira waliyoamini wameahidiwa. Nidhamu ya jeshi ina taratibu zake. Kwa asasi za kiraia funzo ni jingine: ahadi isiyoandikwa hukua kila mwezi kichwani mwa aliyeisikia. Kama nafasi ya ajira haipo, kijana aambiwe siku ya kwanza, na apewe kile kinachoweza kutolewa, yaani cheti, barua ya sifa, ujuzi na tarehe ya kumaliza.

BMU zinahitaji aya yao. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ilizipa jamii za ufukweni nafasi ya kusimamia uvuvi pamoja na serikali, na kwa Ziwa Nyasa, lenye usipa na mbasa wanaolisha familia na soko, lilikuwa wazo jema. Lakini fikiria anachotakiwa kufanya mjumbe: kumkamata mwenye nyavu za macho madogo, ambaye ni mjomba wake, kisha kesho kumwomba kasia. Tumempa kazi ya polisi bila mshahara wa polisi, bila boti ya polisi, na bila kambi ya kurudi usiku. Wengine hufumba macho, wengine hushawishika na kitoweo. Kabla ya kuwatukana kwa rushwa, tuondoe kwao kazi ya kukamata na kuipeleka kwa ofisa uvuvi anayelipwa. BMU ibaki na yale inayoyaweza: kuandika takwimu za samaki waliotua, kusafisha mwalo, kukubaliana juu ya maeneo ya mazalia, kuelimisha wageni wanaopiga kambi.

Kuna makosa madogo yanayogharimu sana. Mikutano huitishwa kwa kalenda ya ofisi, wakati usipa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Wavuvi hupata nafasi mbalamwezi inapong'aa, na asiyetazama mwezi atawakuta akina baba wamelala mchana na atawaandika wavivu. Mvua zikianza watu wako mashambani kwenye mihogo na mpunga. Msimu wa kahawa ukifika, wapo vijana wanaopanda Umatengoni kutafuta vibarua vya kuchuma. Na mwanamke ndiye anayelipa zaidi bila kuandikwa. Shule ikijengwa kwa nguvu za wananchi, akina mama huteka maji na kubeba mchanga kichwani, fundi mwanaume akilipwa kwa siku. Kamati ikichaguliwa, mama huwa mweka hazina kwa uaminifu wake na mwenyekiti huwa baba. Kwenye daftari la michango, ndoo za maji zihesabiwe kama mifuko ya saruji inavyohesabiwa.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, wazazi wengi walielewa kuwa michango yote imekufa, na Wizara ililazimika kutoa waraka mwingine mwaka huo huo kufafanua majukumu ya kila upande. Wengi waliona ni kutoelewa. Mimi naona ilikuwa kura. Watu waliochangia kwa miaka mingi bila kusomewa mapato na matumizi walipata nafasi ya kuacha, wakaacha.

Ndiyo maana katika mambo yote yanayoweza kufanywa na asasi ya kijiji, kikundi cha kanisa au shirika lenye makao Songea, moja linapaswa kutangulia: hesabu zibandikwe ubaoni kila robo mwaka, kwa Kiswahili, zikionyesha fedha zilizoingia, waliolipwa na kiasi walicholipwa, pamoja na posho za maofisa, na kando yake siku za kazi zilizotolewa bure na kila kitongoji. Kwa sheria mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Mahali pa kuzisoma pameshatengwa. Asasi isiyo tayari kufanya hivyo iache kuitisha watu wa kujitolea. Ikodi vibarua, iwalipe bei ya siku, na ijue gharama halisi ya mradi wake.